Kumjua Mama wa Mtu Mashuhuri



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ziko nyumba ambazo wageni hawakatiki, na mwenyeji haponi. Nyumba hizo ni za wazazi, ndugu na jamaa wa watu mashuhuri: waimbaji, wachezaji wa mpira, wabunge, mawaziri na wengineo ambao majina yao husikika redioni kila siku. Na kando ya kila nyumba ya namna hiyo wako watu ambao habari zao hazisemwi kabisa, nao ni majirani, walimu, wasimamizi wa ubatizo na marafiki wa zamani wa familia ile. Hao si mashuhuri. Wanafahamiana tu na jamaa wa mtu mashuhuri.

Swali langu ni hili: mtu wa namna hiyo afanye nini na kufahamiana kwake? Je, ni mali yake, aitumie kama atumiavyo shamba lake? Au ni deni analodaiwa na kila mwenye shida? Au ni siri ya kufungia sandukuni?

Yamkini wengine wataona kuwa swali hili ni dogo. Mimi siloni dogo, kwa sababu nchini mwetu kujuana kumekuwa kama fedha. Mtu akitafuta kazi, kitanda cha hospitali, nafasi ya shule au kiwanja, aghalabu swali lake la kwanza si "Utaratibu ukoje?" bali ni "Unamjua nani pale?" Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi masharti ili cheo kisiwe njia ya kujitajirisha. Lakini hakuna azimio lililotuambia sisi wengine la kufanya na cheo cha mtoto wa jirani. Hilo tumeachiwa dhamiri zetu.

Wilaya yetu si ngeni kwa jambo hili. Kilosa tuna reli tangu enzi za Wajerumani, na Mikumi inapitiwa na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia, pamoja na njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Hifadhi ya Mikumi imekuwapo tangu mwaka 1964. Kwa hiyo watu wenye majina tumezoea kuwaona wakipita. Kisha mwaka 2015 jimbo la Mikumi lilimchagua Ndugu Joseph Haule kuwa mbunge, naye nchi nzima ilikwisha kumjua kwa jina la Profesa Jay, mwimbaji wa muziki wa kizazi kipya. Alikaa bungeni hadi mwaka 2020. Hapo jina kubwa halikuwa la mtu wa kupita tena, bali la mtu ambaye kila kijiji cha jimbo kilikuwa na haki ya kumwita "wetu". Umo wimbo wake mmoja unaoitwa "Nikusaidieje". Jina hilo peke yake lanitosha, maana ndilo neno ambalo mtu mashuhuri na jamaa zake hulazimika kulisema kila asubuhi mlangoni pao.

Habari nitakayoisimulia sasa haimhusu yeye wala jamaa zake. Yahusu familia nyingine, ambayo sitaitaja jina, wala kazi ya mtoto wao, wala mtaa wanaokaa. Msomaji ataelewa kwa nini.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa jirani wa mama mmoja pale Kilosa. Nilifundisha watoto wake wawili. Tuliazimana chumvi, jembe na ngazi. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, na maelfu ya watu wakakosa makazi, nyumba yake ilikuwa juu kidogo kuliko yetu. Alituhifadhia magunia mawili ya vitabu na cherehani ya mke wangu, naye hakuuliza yatakaa mpaka lini. Basi huo ndio ujirani wetu. Haukuanzishwa na umaarufu wa mtu yeyote, kwa kuwa wakati ule mtoto wake alikuwa kijana wa kawaida tu, anayeomba nauli.

Miaka ikapita, jina la kijana likakua. Na baada ya muda si mrefu niligundua kuwa mimi pia nimepata cheo bila ya kuomba. Nilikuwa "yule Mwalimu anayewajua".

Wa kwanza kuja alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la tano. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," akaketi, akaniuliza hali ya mke wangu, ya mahindi na ya mguu wangu. Nilifurahi kwamba amenikumbuka. Mwisho akatoa mfukoni kitu kidogo chenye nyimbo zake, akaniomba nikipeleke kwa mama ili mama akipeleke kwa mtoto. Sikumkasirikia. Kijana mwenye kipaji na asiye na njia atafanya nini? Lakini baada ya kuondoka kwake nilijiuliza kama mguu wangu ulimhusu kweli.

Wa pili hakuwa mtu mmoja, ilikuwa kamati. Kanisa moja lilikuwa linaezekwa upya, mabati hayakutosha, na wazee wakaona jambo jepesi: Mwalimu apeleke barua kwa yule mama, faraghani, aombe mabati mia. Nikawajibu kwamba kadi ya mchango atapelekewa kama wanavyopelekewa washarika wote, na yule ampelekeaye kila mwaka ndiye ampelekee. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, unabania baraka." Neno lile liliniuma, na bado nalikumbuka.

Kisha yakatokea mambo ya jogoo. Yule mama alikuwa na desturi ya kuleta jogoo mmoja katika sikukuu ya mavuno, naye jogoo hunadiwa pamoja na mikungu ya ndizi na madebe ya mahindi. Mwaka ule mnadishaji akamwinua jogoo juu akatangaza, "Huyu ni wa mama wa fulani!" akalitaja jina la mtoto. Watu wakacheka, wakashangilia, wakapandishiana bei mpaka jogoo akanunuliwa kwa fedha za kumnunulia mbuzi. Kanisa lilipata faida. Lakini mimi nilikuwa nimeketi safu ya nyuma yake, nikamwona anainamisha kichwa. Mwaka uliofuata alileta debe la mahindi, akaliweka pamoja na mengine kabla ya watu kufika, bila ya mtu kujua ni la nani.

Siku moja aliniambia neno ambalo ndilo msingi wa insha hii. Alisema, "Mwalimu, siku hizi watu hawaji kwangu. Wanapitia kwangu."

Ndugu zangu, tulipime neno hilo. Nyumba yake ilikuwa imejaa watu kuliko wakati wowote, naye alikuwa mpweke kuliko wakati wowote. Kila aliyebisha hodi aliuliza hali yake, na kila hali iliyoulizwa ilikuwa daraja la kuvukia. Hata alipougua malaria, wako waliokuja kumwona na karatasi mfukoni. Tunasema kwamba umaarufu huwapa watu vitu vingi. Yatupasa kuona pia kile unachowanyang'anya jamaa zao, nacho ni uhakika kwamba wanapendwa kwa ajili yao wenyewe.

Mfano mkubwa zaidi uko kwa majirani zetu wa Kenya. Kijijini Kogelo, kaunti ya Siaya, aliishi Mama Sarah Obama, mjane wa mzee Hussein Onyango Obama. Hakumzaa baba yake Barack Obama bali alimlea, na kwa desturi zetu hilo latosha kumfanya bibi wa wajukuu wote. Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani mwezi Novemba 2008, Kenya ilitangaza siku ya mapumziko, na nyumba ya bibi huyo ikawekewa polisi wa kuilinda. Waandishi wa habari, watalii na wenye shida walimiminika. Yeye aliendelea kuwasaidia yatima na watoto wasio na ada, kazi aliyokuwa nayo moyoni, mpaka alipofariki tarehe 29 Machi 2021. Obama alipozuru Kenya mwaka 2015 akiwa rais hakufika Kogelo, bali alikutana na jamaa zake Nairobi. Alifika kijijini mwaka 2018, alipokuwa amekwisha kuacha urais, kwa ufunguzi wa kituo cha vijana kilichojengwa na dada yake Auma. Fikirini juu ya hilo: mtu ana uwezo wa kuamuru majeshi, lakini kwenda kumsalimu bibi yake nyumbani ni jambo gumu kuliko kumwita hotelini. Na fikirini juu ya majirani wa bibi huyo, ambao walizoea kuingia uani kwake kuomba moto, kisha siku moja wakakuta geti na askari.

Sasa nirudi kwenye swali la jirani. Naona ziko njia tatu ambazo watu huzifuata.

Njia ya kwanza ni kujitapa. Mtu hana shida ya kuomba kitu, ila hawezi kuketi kilabuni, stendi au hata kwenye mkutano wa kanisa bila ya kusema, "Yule? Yule nimemtia adabu mimi mwenyewe, alikuwa haachi kukojoa kitandani." Haibi fedha, lakini anaiba. Utoto wa mtu si mali ya jirani aliyeuona. Sisi walimu tuna hatari kubwa zaidi, kwa sababu tulipewa siri za watoto wengi kabla hawajajua kuzificha.

Njia ya pili ni kuuza, yaani kufanya udalali. Mkono mtupu haulambwi, na dalali hupata chake: soda, nauli, heshima, au shukrani tu. Shukrani nayo ni malipo. Mtu huyu hujiona mwema kwa kuwa anasaidia watu, na mara nyingine anawasaidia kweli. Lakini anachokitoa si chake. Anatoa uvumilivu wa mama mwingine, usingizi wa mama mwingine, na haya ya mama mwingine.

Njia ya tatu ni kujificha. Mtu huogopa kuonekana mwombaji, basi huacha kabisa kwenda katika nyumba ile. Hupita njia ya nyuma. Akialikwa harusi hatumi hata salamu, asije akaambiwa anajipendekeza. Njia hii huonekana kuwa ya heshima, nami nilivutwa nayo sana. Lakini ni kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu. Yule mama hana kosa lililomstahili kupoteza jirani. Tena fimbo ya mbali haiui nyoka: mtoto yuko Dar es Salaam au ng'ambo, na usiku mama akibanwa na kifua, wa kumwita ni jirani.

Kama njia hizo tatu zote ni mbovu, iko ya nne? Naiona katika habari ya Mordekai, mlezi wa Esta. Esta alipochukuliwa kwenda nyumba ya mfalme na hatimaye kufanywa malkia, Mordekai alikuwa mtu aliyeweza kusema, "Malkia nimemlea mimi." Hakusema. Biblia inatuambia kwamba alikuwa akitembea kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali yake Esta, naye atakuwaje. Hakwenda na barua. Alikwenda kumjulia hali. Miaka ikapita hivyo. Ndipo ilipotoka amri ya kuwaangamiza watu wake wote, akamtumia Esta neno la kumtaka aende kwa mfalme. Na hata wakati huo hakumwambia kwamba yeye ndiye mlango peke yake. Alikiri kwamba msaada waweza kutoka mahali pengine.

Mimi naona humo mafundisho matatu. Kwanza, kujulia hali kulitangulia kuomba, tena kwa muda mrefu, na hata kama ombi lisingetokea, kujulia hali kungeendelea. Pili, aliomba kwa ajili ya uhai, si kwa ajili ya cheo. Tatu, aliomba kwa ajili ya watu wote waliokuwa hatarini, si kwa ajili ya nyumba yake.

Yuko na Yakobo, ambaye Mtume Paulo katika waraka kwa Wagalatia anamtaja kuwa ndugu yake Bwana. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kujivunia jamaa, ni yeye. Lakini waraka uitwao kwa jina lake unaanza kwa kumtaja kuwa mtumwa wa Mungu na wa Bwana Yesu Kristo. Neno "ndugu" halimo katika utambulisho ule. Na katika sura ya pili ya waraka huohuo imo lawama kali juu ya wale wampao mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri katika sinagogi, na kumwambia maskini asimame kule. Naona mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Asiyetumia jamaa yake kama pete, ndiye awezaye kuwakemea wanaopendelea wenye pete.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo lilinikosesha usingizi. Jioni moja alikuja kwangu mama kijana kutoka upande wa Mikumi, amembeba mtoto mwenye tundu la moyo. Alikwisha kuambiwa kwamba mtoto ahitaji kupasuliwa Dar es Salaam. Hakuleta nyimbo wala barua ya mabati. Alileta mtoto. Akaniambia, "Baba, wanasema wewe unawajua." Je, hapo nami niseme habari za uvumilivu wa mama mwingine?

Nilifanya hivi. Asubuhi nilikwenda naye hospitalini kwa maofisa wa ustawi wa jamii, ambao kazi yao mojawapo ni kupima nani asamehewe gharama, maana mara nyingi maskini hushindwa si kwa sababu njia haipo bali kwa sababu hajui mahali inapoanzia. Tukafuata barua moja baada ya nyingine. Jioni nilipita kwa jirani yangu kama nilivyozoea, na aliponiuliza nimetoka wapi nikamweleza, kama ambavyo ningemweleza mwaka ule alipokuwa mama wa kijana anayeomba nauli. Sikumwomba kitu. Akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na shilingi elfu kumi na khanga, akasema, "Mpe huyo binti, ni zangu mimi." Maneno "ni zangu mimi" aliyatamka kwa furaha. Nadhani ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwachie nafasi ya kutoa kilicho chake.

Njia ya kawaida ilifanikiwa safari ile, nashukuru. Lakini msomaji mwenye akili ataniuliza: na kama ingeshindikana? Nami sitakwepa. Kama ingeshindikana, ningekwenda kwake nikaomba, waziwazi, mara moja, na ningemwachia mlango wa kukataa bila ya kumnunia. Uhai wa mtoto ni mkubwa kuliko haya yangu na kuliko utulivu wa jirani yangu, naye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Hata hivyo, msidhani kwamba hapo dhamiri ingetulia. Nyuma ya mtoto yule yuko mtoto mwingine, huko Kidodi, Ulaya au Kisanga, mwenye ugonjwa uleule, ambaye mama yake hamjui mwalimu yeyote. Kila mara kujuana kunapomwokoa mmoja, humwacha mwenzake pale alipokuwa, na pengine humrudisha nyuma hatua moja katika foleni. Chuoni Ilonga tulifundishwa kwamba mwalimu asimtazame mtoto anayenyoosha mkono tu, bali na yule aliyeketi nyuma asiyenyoosha. Kujuana ni darasa ambalo wanaitwa wale wanaonyoosha mikono tu.

Hapa nakumbuka tena mbunge yule wa zamani wa Mikumi. Mwaka 2022 Profesa Jay aliugua sana, akalazwa Muhimbili, na figo zake zikashindwa kufanya kazi. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba alikaa siku 127 katika chumba cha wagonjwa mahututi. Watu walimchangia, na Serikali ikabeba gharama za matibabu yake. Bila shaka wako watu waliosema, "Ni kwa sababu ni mashuhuri." Ni kweli, jina lake lilimsaidia, wala si dhambi mtu kusaidiwa. Lakini tazama alichofanya alipopona: alianzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Yaani mlango uliofunguka kwa sababu ya jina, aliutaka uwe njia ya wasio na jina. Nami naona hilo ndilo jibu bora kwa mtu yeyote ambaye amewahi kuokolewa na kujuana. Huwezi kurudisha upendeleo uliokwisha kuupata. Unaweza kujenga njia ambayo anayefuata hatahitaji kumjua mtu.

Kumbukeni pia kwamba wakati wa ugonjwa wake nchi nzima ilitaka habari. Katika siku kama hizo, yule anayewajua jamaa hupigiwa simu kuliko daktari. Habari za mgonjwa ni za mgonjwa na wa nyumbani mwake. Yeye mwenyewe akipona akazisimulia, hiyo ni haki yake. Jirani aliyeingia chumbani na uji hakuingia kama mwandishi wa habari, na simu yake ya mkononi yenye kupiga picha na ibaki mfukoni.

Basi, kwa wale washarika ambao wako karibu na nyumba za namna hii, napenda kutoa mashauri machache.

Moja. Kila unapotaka kwenda, jiulize: kama mtoto wao angekuwa fundi baiskeli, je, leo ningekwenda? Kama ndiyo, nenda. Kama sivyo, kaa kwanza ufikiri.

Mbili. Majukumu yako ya zamani usiyapunguze wala usiyaongeze. Msiba nenda, shambani msaidie, ukidaiwa debe la mpunga lirudishe. Usilete zawadi kubwa ambayo hukuwa ukiileta zamani.

Tatu. Usikane kwamba unawajua, maana huo ni uongo. Lakini usilitangulize jambo hilo. Ukiulizwa, sema, "Ndiyo, ni majirani zangu," kisha uulize habari za mvua.

Nne. Mwenye shida ya kweli usimfukuze kwa sababu amekuja kwako kwa njia isiyo sawa. Amekuja kwako, basi msaidie wewe, kwa miguu yako na kwa kile unachokijua. Mara nyingi msaada aliotaka uupitishe kwa mwingine, nusu yake unao wewe mwenyewe.

Tano, na hili ni la mtaa mzima. Tuwe na mfuko wa wagonjwa, wenye daftari lililo wazi, ili mama mwenye mtoto mgonjwa asihitaji kuuliza ni nani anamjua nani. Na sikukuu ya mavuno ikifika, kila kuku anadiwe kwa uzito wake.

Kuna jamaa wa watu mashuhuri wanaoketi kati yetu kila Jumapili, na wengine hatuwafahamu kwa kuwa wamejifunza kunyamaza. Jumapili ijayo, baada ya ibada, mpe mmojawapo mkono, muulize hali yake, usikilize jibu mpaka mwisho, kisha umuage uende nyumbani.



Mwalimu mstaafu,
Mikumi